Sataranji ndani ya vipindi vya kawaida: nianzie wapi?

Mwalimu_K anauliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba mawazo kutoka kwa wanaofundisha.

Nina darasa la nne, na kwa watoto hao hao nafundisha hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Shule imepata seti za sataranji za kutosha kila watoto wanne kukaa na ubao mmoja. Mkuu wetu hataki ziishie kwenye klabu ya baada ya masomo, anataka ziingie ndani ya vipindi. Wazo lenyewe nalipenda. Shida ni kwamba kila ninachosoma kinaishia kwenye "sataranji inanoa akili" na "inafundisha kufikiri kabla ya kutenda", basi. Hakuna anayeniambia kipindi cha dakika 40 cha hisabati kinaanzaje na kinaishaje ubao ukiwa mezani.

Najua kete zinavyotembea, ila si mchezaji wa mashindano. Watoto wengi hawajawahi kuugusa mchezo huu. Nianzie wapi? Na masomo yasiyo ya hesabu je, kuna cha maana huko, au tutakuwa tunalazimisha?

MzeeWaNgome:

Hongera mwalimu, shule yenu ina bahati. Ushauri wangu ni kwamba usiharakishe masomo mengine. Wafundishe mchezo wenyewe muhula mzima, kete zote na kanuni zote, mpaka waweze kumfunga mfalme, yaani kumnasa asiwe na pa kukimbilia, bila kusaidiwa. Ukishapata wachezaji, hayo mengine yatakuja yenyewe. Mtoto aliyeijua sataranji huchangamka akili kila mahali.

FarasiWaKati:

Mwalimu K, pole na kazi. Nafundisha watoto wa miaka 8 hadi 11, na ubao wa sataranji ni zana yangu ya darasani kama ilivyo rula. Nitakueleza yale ninayoyafanya.

Kaka MzeeWaNgome, nakuheshimu, lakini hapa tunapishana. Hayaji yenyewe. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kumfunga mfalme na bado akakwama kwenye wastani na sehemu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Uhusiano huo unajengwa na mwalimu, kwa mkono wake, kwa swali alilolitayarisha. Tena mchezo mzima una kete 32 na kanuni nyingi. Ukisubiri wazijue zote, muhula umekwisha na ratiba yako imelemewa.

Kwa hiyo anza na ubao mtupu, kete moja na swali moja.

Mchukue farasi, yule anayeruka kwa umbo la L: miraba miwili upande mmoja, kisha mmoja kwa pembeni. Mweke kwenye kona, a1 (herufi a hadi h hutaja safu za wima kutoka kushoto, namba 1 hadi 8 hutaja safu za ulalo kutoka chini), uwaulize anaweza kuruka kwenda wapi. Miraba 2 tu. Mhamishie d4, karibu na katikati: miraba 8. Watoto watashangaa kwamba kete ile ile inapata nguvu mara nne kwa kuhama tu. Sasa gawa karatasi yenye ubao uliochorwa, na kila kikundi kiandike ndani ya kila mraba idadi ya miruko ambayo farasi angekuwa nayo akisimama hapo. Usiwaambie njia ya mkato. Waache wahesabu mraba mmoja mmoja. Wakifika safu ya pili au ya tatu kuna mtoto atainua kichwa na kusema, "Mwalimu, upande huu ni kama ule." Hapo simamisha darasa. Huo ndio ulinganifu, na ameuvumbua mwenyewe. Waulize: kama upande huu ni kama ule, na juu ni kama chini, tunahitaji kuhesabu miraba mingapi kweli? Wengi watakwambia 16. Ukiwakumbusha mstari wa mshazari, watashuka hadi 10.

Wakimaliza, waorodheshe: miraba 4 ina miruko 2, miraba 8 ina 3, miraba 20 ina 4, miraba 16 ina 6, na miraba 16 iliyobaki ina 8. Hilo ni jedwali la marudio lililotoka kwenye kitu wanachokiona. Wazidishe na kujumlisha: miruko 336. Wagawe kwa 64: wastani ni 5.25. Kisha uliza swali ambalo vitabu vya mazoezi haviulizi: kuna mraba wowote wenye miruko 5.25? Hakuna. Basi wastani huo unatuambia nini? Nimesikia watoto wakibishana juu ya hilo kwa namna ambayo jedwali la uzito wa mizigo ya kubuni halijawahi kunipa.

Usitupe karatasi hizo. Kwenye maarifa ya jamii wape rangi, kila namba na rangi yake, na ufunguo wa rangi pembeni. Katikati patatokea kilima cha mraba kinachoshuka kuelekea kingo, na pembe nne ndiyo mabonde. Waambie hii ni nchi, wakuonyeshe mwinuko uko wapi, na ukisafiri kutoka a1 hadi d4 unapanda au unashuka. Ukija kuwafungulia ramani halisi ya mwinuko, hawatauliza rangi zinamaanisha nini, maana wao wenyewe wameshachora ramani ya namna hiyo.

Umeuliza kipindi kinaishaje. Nami huwa namalizia na hili: farasi wa a1 aruke mara 5 kamili na arudi a1. Waache wajaribu. Watajaribu kwa bidii, wengine watadai wamefanikiwa, na ukiwataka warudie mbele ya wenzao itaonekana waliruka mara 4 au 6. Siku moja msichana mmoja ambaye kwa kawaida hujibu kwa sauti ya kunong'ona alisimama akasema, "Haiwezekani. Kila akiruka anabadilisha rangi. Mara ya kwanza yuko kwenye nyeupe, ya pili nyeusi, ya tatu nyeupe, ya nne nyeusi, ya tano nyeupe. Nyumbani kwake ni nyeusi." Nilimwomba arudie polepole nikayaandika ubaoni neno kwa neno. Ule ni uthibitisho kamili wa kihisabati. Hakusema "nimejaribu nikashindwa", alisema haiwezekani na akatoa sababu. Namba shufwa na namba witiri zilikuwa mada ya muhula uliopita, lakini siku ile ndipo darasa lilipoona zina kazi gani.

Jaribu_Uone:

Samahani kuingilia. Napenda sana mawazo haya, ila tuwe wakweli kwa Mwalimu K kuhusu ushahidi. Nchini Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016 na Education Endowment Foundation, taasisi inayofadhili tafiti za elimu. Shule 100, watoto wa miaka 9 hadi 10, wengine walifundishwa sataranji saa moja kwa wiki kwa wiki 30, wengine hawakufundishwa. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, hakukuonekana tofauti katika hisabati, kusoma wala sayansi. Mimi ni mzazi na nacheza sataranji, ningefurahi sana kama ingekuwa kinyume. Lakini mkuu wa shule akiahidiwa kwamba alama zitapanda, halafu zisipande, seti zile zitarudi kabatini.

FarasiWaKati:

Asante sana Jaribu_Uone, hoja yako imekuja mahali pake, na Mwalimu K aipeleke kwa mkuu wake kama ilivyo. Asiahidi alama.

Ila tazama ni nini kilichopimwa. Waliofundisha walikuwa walimu wa sataranji kutoka nje ya shule, na walifundisha sataranji yenyewe: kete zinavyotembea, kushambulia, kujilinda, kumfunga mfalme. Walichokipima ni ile imani ya kaka MzeeWaNgome, kwamba ukiufundisha mchezo vizuri faida itavuka yenyewe kwenda kwenye hisabati. Haikuvuka. Kwangu hiyo ni sababu nzuri ya kuacha kuingoja ivuke. Nikifundisha wastani kwa miruko ya farasi, sitarajii sataranji imwongezee mtoto akili ya ziada. Natarajia ajue wastani. Nikitaka kuhakikisha, nampa zoezi la wastani lisilo na farasi ndani yake, wiki hiyo hiyo, naangalia.

Ziko nchi zilizochukua njia tofauti katika hili. Armenia iliifanya sataranji kuwa somo la lazima kuanzia 2011, kwa darasa la pili hadi la nne, na pale mchezo wenyewe ndio somo. Hungaria, tangu 2013, mtaala wa taifa unaruhusu mpango ulioanzishwa na Judit Polgár, mchezaji aliyewahi kuwa miongoni mwa kumi bora duniani, ambao unatumia ubao na kete kama zana ya kujifunzia mambo mengine. Wewe Mwalimu K, kwa ulivyoeleza hali yako, uko upande wa Hungaria.

Na kwa kuwa umeleta habari za utafiti, kuna mmoja ambao watoto wanaweza kuurudia wenyewe katika kipindi cha sayansi. Mwaka 1973 wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha watu ubao wenye kete kwa sekunde 5, kisha wakaufunika na kuwataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimekaa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alimwacha mbali sana anayeanza. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ulipotea. Kwa hiyo kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine, ila macho yake yalizoea kuona makundi ya kete yenye maana. Mwambie kila mtoto aandike utabiri wake kabla ya jaribio. Tumia kete 10 au 12 tu. Nani atakumbuka nyingi zaidi, anayejua mchezo au asiyejua? Kwa nini muda uwe ule ule kwa wote? Kwa nini turudie na watu kadhaa badala ya mmoja? Dhana, kigezo kinachobadilishwa na vile vinavyobaki palepale, kurekodi, kulinganisha na utabiri: yote yamo, na hakuna kinachochemka wala kuvunjika.

Mwalimu_K:

Nimesoma yote, nashukuru mno. Dada FarasiWaKati, karatasi ya farasi nimeanza kuichora hapa. Bado mambo mawili. Lugha sijaona inaingia vipi, nje ya kuwaambia waandike insha "mchezo niupendao". Na historia: nikishasema mchezo ulianzia India, nimemaliza. Halafu nina watoto wachache ambao hata kujumlisha kunawapa shida. Miruko 336 itawaacha nyuma.

FarasiWaKati:

Nianze na hao wachache, maana ndio walionifanya nimtafute mfalme.

Weka mfalme e1. Anakwenda hatua moja tu kila zamu. Tunataka afike e8, ng'ambo ya pili, kwa hatua 7, yaani kila hatua lazima apande safu moja: mbele moja kwa moja, au mbele kwa mshazari kushoto, au mbele kwa mshazari kulia. Ana njia ngapi za kufika? Mtoto hahitaji kujua chochote zaidi ya kujumlisha namba tatu. Kwenye safu ya pili, miraba d2, e2 na f2, andika 1, 1, 1, kwa kuwa kila mmoja unafikiwa kwa njia moja. Kuanzia hapo kila mraba unajazwa kwa kujumlisha ile mitatu inayougusa kutoka chini. Safu ya tatu: 1, 2, 3, 2, 1. Ya nne: 1, 3, 6, 7, 6, 3, 1. Hesabu ni ndogo ndogo na zinajisahihisha zenyewe, kwa sababu kushoto na kulia lazima zifanane mpaka kingo za ubao zianze kukata. Mtoto akiona 10 upande mmoja na 11 upande wa pili, anarudi mwenyewe kutafuta palipoharibika, bila kalamu nyekundu. Mwishoni kwenye e8 anaandika 393. Kwa mtoto aliyezoea kuambiwa hesabu hawezi, kufika kwenye 393 na kuwa na hakika nayo ni jambo kubwa, na utaliona usoni mwake.

Sasa lugha. Hapa mwalimu mwenzangu ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote, na ndipo watu wengi wanapopita bila kutazama.

Mchezaji anayefikiri anazungumza kwa -nge- muda wote. "Ningemla yule askari, ngome yake ingefunguka." "Ningempeleka malkia pale, farasi angemla." Hizo ni sentensi za masharti, zile zile ambazo watoto wanazikwepa kwenye insha kwa sababu mazoezi ya vitabuni huwapa "Ningekuwa tajiri ningenunua gari" na hawana sababu yoyote ya kuyajali. Kwenye ubao sababu ipo. Wape hali moja rahisi, kwa mfano malkia mweupe anayeweza kula kete tatu tofauti, mbili kati ya hizo zimelindwa. Haruhusiwi mtu kugusa kete. Kila mmoja aandike sentensi tatu za -nge- kabla hatujacheza. Mkono ukigusa kete kabla ya sentensi, zamu inakwenda kwa mwingine. Utashangaa ukimya utakaokuwepo.

Mchezo ukiisha ndipo -ngali- inapopata nafasi, maana sasa ni majuto: "Ningalimwona askofu wa pembeni, nisingalipoteza ngome yangu." Hapo fundisha ule ugumu wote kwa pamoja: -nge- iende na -nge-, -ngali- na -ngali-, zisichanganywe, na ukanushi ni nisinge- na nisingali-. Mtoto aliyepoteza ngome dakika tano zilizopita ana la kusema kweli, na sarufi inaingia kwa kuwa anaihitaji.

Hatua ya juu zaidi ni kumbukumbu za mchezo. Wafundishe kuandika kila hatua kwa herufi na namba, e4, e5 na kuendelea. Huo ni usomaji wa majira ya nukta, kwa hiyo umegusa hisabati pia. Mfumo huu wa herufi na namba si mpya: mchezaji Philipp Stamma, aliyetoka Aleppo, Syria, aliutumia wa aina hiyo katika kitabu chake cha 1737. Wakishaandika hatua kumi za mwanzo, badilishaneni karatasi. Kikundi cha pili kinausoma mchezo wa wenzao kwenye ubao wao na kuusimulia kama mtangazaji, kwa maneno, bila kutaja herufi wala namba. Ukipotea kidogo kwenye kuandika, msomaji wako anakwama, na atakuja mezani kwako kukuuliza ulimaanisha nini. Ndivyo watoto wanavyotambua kwamba wanamwandikia mtu.

Kuhusu historia, usiishie India. India, mnamo karne ya 6, ndipo safari ilipoanza. Kisha Uajemi, kisha ulimwengu wa Waarabu ambako Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na wachezaji mashuhuri kama al-Adli aliyeandika kitabu juu ya mchezo huo, kisha Uhispania na Ulaya nyingine. Wachore njia hiyo kwenye ramani ya dunia na waulize ni nani waliokuwa wakisafiri njia hizo na walibeba nini kingine. Lakini kinachowafanya watoto waone kwamba historia ni mabadiliko ni kucheza kwa kanuni za zamani. Pale Baghdad, pembeni ya mfalme hakukuwa na malkia. Alikuwepo waziri, na waziri alikwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya ndipo kete ile, ikiwa tayari inaitwa malkia, ilipopewa nguvu ilizo nazo leo. Waache wacheze robo saa na waziri badala ya malkia. Watalalamika kwamba mchezo unakwenda polepole. Vizuri. Waulize: kama ungekuwa ndiye unayebadilisha kanuni, ungeiongezea nguvu kete gani, na nani angekataa?

Na kuna tembo. Alikaa pale askofu wa leo anapokaa, na alikuwa anaruka miraba miwili kamili kwa mshazari, wala si mmoja wala mitatu. Mpe mtoto penseli ya rangi, aanzie c1 na kupaka kila mraba ambao tembo huyo anaweza kuufikia maisha yake yote. Atapaka 8 tu: c1, g1, a3, e3, c5, g5, a7, e7. Basi. Miraba 56 hataikanyaga kamwe. Mtoto wa pili achukue rangi nyingine na tembo wa f1, wa tatu c8, wa nne f8. Ubao wenu una watoto wanne, tembo ni wanne, imekaa sawa. Rangi nne hazitakutana kwenye mraba mmoja popote. Tembo hawa hawawezi kulana hata wacheze mwaka mzima, na kwa pamoja wanafikia nusu kamili ya ubao, miraba 32. Ndani ya kipindi kimoja una historia, sehemu (8 kwa 64 ni moja ya nane, mara nne ni nusu) na picha nzuri ya kubandika ukutani.

MzeeWaNgome:

Dada FarasiWaKati, hoja yako ya kete moja nimeikubali, hasa baada ya huo mfano wa tembo, ambao mimi na miaka yangu yote ya kucheza sikuufahamu. Nabaki na moja: msiwanyime watoto mchezo wenyewe. Kuna mambo ambayo karatasi haiwezi kuyatoa, kama kupeana mikono baada ya kushindwa, na ile kanuni kwamba ukiigusa kete yako lazima uicheze.

FarasiWaKati:

Hapo tuko pamoja kabisa, kaka. Ijumaa kwangu ni michezo mitupu, hakuna karatasi. Wanaoanza huwapa askari wanane kila upande na wafalme wao tu. Anayefikisha askari ng'ambo wa kwanza ameshinda. Mchezo unaisha haraka, na aliyeshindwa anapata nafasi nyingine kabla machozi hayajakauka. Machozi yapo, Mwalimu K, ujiandae. Mimi sisemi "ni mchezo tu", kwa sababu kwa mtoto yule si mchezo tu. Namwomba anionyeshe ni hatua gani mambo yalianza kumharibikia. Kwa kawaida anaipata, na akishaipata ana kitu cha kushika.

Mama_wa_Wawili:

Nimekuwa nikisoma kimyakimya. Mwanangu ana uoni hafifu sana, karibu haoni. Michezo ya darasani mara nyingi anawekwa pembeni "asaidie kuhesabu alama". Hii ya sataranji anaweza kushiriki, au nayo itakuwa hivyo hivyo?

FarasiWaKati:

Mama, anaweza, na si kwa kuhurumiwa. Zipo mbao za wasioona: miraba myeusi imeinuliwa kidogo kuliko myeupe ili vidole vitofautishe, kila mraba una tundu na kila kete ina kijiti chini yake ili isianguke inapopapaswa, na kete za upande mmoja zina alama juu yake. Wachezaji wasioona hushindana na wanaoona kwa kanuni zinazotambulika, kila mmoja na ubao wake, na kila hatua hutajwa kwa sauti.

Kama shule haina ubao huo, mwalimu anaweza kubandika vipande vya kadibodi kwenye miraba myeusi na kuweka tone la gundi juu ya kila kete nyeusi. Na umwambie mwalimu wake hili: hatua zitajwe kwa sauti na darasa zima, si kwake peke yake. "Farasi f3." "Askari d5." Watoto wanaoona wataanza kuujenga ubao kichwani, kazi ambayo mwanao ameizoea tayari. Katika kazi ya tembo na ile ya farasi kubadilisha rangi, sitashangaa yeye akiwa wa kwanza kujibu.

Mwalimu_K:

Sina la kuongeza ila shukrani. Jumatatu ni farasi na karatasi yake, hayo mengine nitayafuatisha. Swali la mwisho dogo: nataka kuchora ubao mkubwa wa kuning'iniza ukutani, darasa zima lione. Kuna cha kuzingatia?

FarasiWaKati:

Kitu cha kwanza ni kona ya chini kulia, h1, iwe nyeupe. Mbao nyingi za kuchora kwa mkono hukosewa hapo na kila kitu kinachofuata kinageuka. Kila mraba uwe na upana usiopungua sentimita 10, kwa hiyo ubao ni sentimita 80 kwa 80, na waachie watoto wenyewe wapime na kuupigia mistari, maana eneo na mzingo vimo humo humo. Tumia kijani na krimu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, ili kete nyeusi zisipotee kwenye miraba myeusi. Kete za karatasi ngumu zishike kwa vipande vya kitambaa cha kunata, si gundi ya kudumu. Halafu herufi na namba ziandike pande zote nne, kwa sababu kuna siku utataka kuugeuza ubao ili darasa lione mambo kutoka upande wa weusi.